Mkono Mdomoni

Ijumaa ile Gesare alikaa mstari wa nyuma kabisa wa ukumbi, karibu na dirisha, ili apate kumtazama Cephas bila walimu wakuu waliokuja kama wageni siku hiyo kumtazama yeye. Mapenzi yana wizi wake mdogo mdogo, na huu ulikuwa mmoja. Kila alipoinua macho aliyakuta ya Cephas yakikimbilia kwingine, na hapo akajua kwamba mwenzake naye ni mwizi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kukata shauri.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, mama yake angefika kwenye lango la chuo na lori la mjomba Masese, amchukue warudi nyumbani Migori. Kesho yake ingekuwa Sabato, na Jumapili wazee wa Kerosi wangekuja kumposa. Kerosi alikuwa mwenye duka kule Kosele, Msabato, Mkisii mwenzao, mpole, mtu ambaye hata ukimtafutia kosa utarudi mikono mitupu. Gesare hakumtaka. Alikuwa amemwahidi Cephas kwamba leo, palepale langoni, angemwambia mama yake awaombe radhi wazee wa watu, kwa kuwa Jumapili hiyo binti yake angekuwa ufuoni mwa ziwa, kwa mama yake Cephas. Asubuhi alikuwa ameyarudia maneno hayo mbele ya kioo, na yalitoka vizuri.

Mwaka ulikuwa 1967, na chuo chenyewe kilikuwa kidogo, majengo machache ya mabati juu ya mji wa Homa Bay. Gesare alikuwa amefika hapo kutoka Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, alikokuwa akifundisha watoto wa wachimbaji bila cheti. Cephas Obunga alikuwa mkufunzi. Alikuwa amesoma Marekani na kurudi na elimu ambayo hapo chuoni hakuna aliyewahi kuisikia, elimu ya mwenendo, hata wenzake wengine wakadhani ni mambo ya dini. Yeye alisema ni jambo rahisi. Kiumbe hurudia kile kinachomlipa na huacha kile kisichomlipa, basi; mtu akijua kulipa kwa wakati wake, hana haja ya fimbo.

Siku hiyo walimu wakuu wa shule za karibu walikuwa wamealikwa kuja kujionea. Cephas aliweka kizimba mezani, na ndani ya kizimba alikuwamo kuku mwekundu ambaye wanafunzi walimwita Madam. Ukutani mwa kizimba alikuwa amepigilia kizibo cha soda kinachong'aa. Madam akakitazama, akakidonoa, na punje ya mahindi ikaanguka mbele yake. Akadonoa tena. Wazee wakaanza kucheka, na mmoja akauliza kama kuku huyo anaweza kupelekwa darasa la kwanza kwake, maana ana akili kuliko aliowaacha.

Cephas alicheka nao, kisha akaanza somo. Alisema Madam hakuchapwa hata siku moja. Mwanzo alilipwa kwa kugeuka tu upande wa kizibo, halafu kwa kukisogelea, halafu kwa kukigusa. Na punje zikikoma, na kudonoa kutakoma. Neno au tendo lisilolipwa hufa, alisema, halihitaji kuuawa. Gesare aliyasikia hayo na moyo ukamjaa, kwa sababu aliona mbele yake madarasa ya Masara yasiyo na fimbo, na alimwona mwanamume wake akisimama mbele ya watu wazima bila woga.

Palikuwa na mzee mmoja, mwalimu mkuu aliyeitwa Momanyi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Huyo hakuwa amecheka. Aliuliza kama hiyo si hongo tu iliyopakwa rangi. Cephas akamjibu vizuri. Mzee akarudi tena: kuku ni kuku, je, mtu mzima naye hufundishwa hivyo, na je, anakuwa amejua?

"Mtu mzima ndiye rahisi zaidi," Cephas alisema. Alikuwa amepata moto wa somo, na mtu akiwa na moto huo haangalii anapokanyaga. "Akijua, mara nyingi inaharibika. Nitawapa mfano. Kuna mwanamke namjua, mwalimu kama ninyi. Alikuwa kila akicheka anafunika mdomo na mkono, namna hii. Nikaona nijaribu. Akifunika mdomo, naangalia kando, hadithi inaishia hapo. Mkono ukishuka kidogo, namwangalia, naendelea na hadithi. Sikumwambia neno hata moja. Leo anacheka meno nje, na anafikiri ni yeye mwenyewe ameamua."

Ukumbi ukacheka. Mzee Momanyi alitikisa kichwa. Roselyn, rafiki yake Gesare aliyekaa kando yake, hakucheka. Alimgeukia Gesare taratibu, kwa sababu bweni zima lilikuwa limeuona ule mkono, na bweni zima lilikuwa limeuona ukipotea.

Mkono wa Gesare ulikuwa tayari mdomoni. Hakujua ulifikaje huko.

*

Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika pembe tangu utotoni, alipoanguka kisimani na mtungi. Tangu hapo, kila alipocheka mbele ya watu, mama yake, Bathsheba, alikuwa akiigusa midomo yake mwenyewe kwa kidole, kimya, na Gesare aliijua maana yake. Alikua hivyo, akicheka nyuma ya vidole vyake. Alipofika Homa Bay na kumjua Cephas, miezi ikapita, na siku moja akiwa ufuoni alicheka mpaka machozi, na upepo wa ziwa ukamwingia kinywani, na akatambua kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa imelala mapajani. Usiku huo alimwambia Roselyn kwamba sasa ameelewa mapenzi ni nini. Alisema mapenzi ni mtu akikupenda hadi unasahau kujificha.

Sasa aliketi akiwatazama watu wakimpigia makofi mwanamume aliyemwondolea mkono mdomoni, na kila alichokuwa amekiweka akiba moyoni kilikuwa kikioza hapohapo.

Cephas alimtafuta baada ya wageni kwenda kunywa chai. Alimkuta nyuma ya karakana, mahali walipozoea kukutana, pale kizimba kilipokuwa kikiwekwa. Madam alikuwa amekwisha kurudishwa hapo na alikuwa akimwangalia Gesare kwa jicho moja.

"Jaber," Cephas alisema, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyomwita wakiwa peke yao, neno la kwao la kumwita mrembo. "Umeona wazee walivyofurahi? Yule wa Rongo anataka nikafundishe kwake."

Hakuona kitu. Ndicho kilichomuuma Gesare kuliko vyote, kwamba mwanamume huyu aliyesomea kutazama watu hakuona kitu.

"Huyo mwanamke wa mkono," Gesare alisema. "Alikuwa nani?"

Kila mmoja alikuwa na lugha yake ya nyumbani ambayo mwenzake hakuijua, na Kiswahili ndicho kilikuwa chumba chao cha pamoja. Siku hiyo kilikuwa chumba chembamba. Cephas alifungua kinywa, akakifunga, na uso wake ukabadilika polepole.

"Sikutaja jina," alisema.

"Sijauliza kama ulitaja jina."

"Gesare, nilikuwa nataka kukusaidia. Ulikuwa unajificha. Mimi nilikuwa naona mtu mzuri hivi, na kila akifurahi anajifunika. Ilikuwa inaniuma."

"Ingekuuma ungeniuliza."

"Ningekuuliza nini?"

"Kama huo mkono unanisumbua. Ulikuwa mkono wangu, Cephas. Ulikuwa mdomo wangu. Ungesema, Gesare, kwa nini unajifunika? Ningekuambia habari ya kisima. Ningekuambia habari ya mama. Labda ningelia. Labda ningeutoa siku hiyo hiyo, kwa sababu umeniuliza."

Cephas alimkaribia, akatikisa kichwa kuitikia, kwa upole, namna ya mtu anayesikiliza, na Gesare akarudi nyuma.

"Usitikise kichwa."

Cephas akaacha kutikisa. Akasimama wima, uso umekauka, mikono haina pa kwenda.

"Sasa unaniangalia kama maiti," Gesare alisema. Siku nyingine wangecheka wote wawili. "Unaona? Ukitikisa kichwa, unanilipa. Ukinyamaza, unaninyima. Nitajuaje ni lini unanisikia tu?"

Akaketi juu ya jiwe. Alikuwa na swali la pili, na alikuwa akiliogopa, kwa sababu la kwanza alikwisha kulijua jibu lake. Alikumbuka jioni zote alizomwambia Cephas kwamba akipata cheti anataka kurudi Masara, kwamba kuna watoto kule wanaoshinda wakiponda mawe badala ya kukaa darasani, na kwamba angependa kufungua darasa lao. Kila mara Cephas aliangalia saa yake. Au aliona mtu wa kumsalimia ng'ambo ya barabara. Na alipozungumza habari ya nyumba yao ya baadaye hapa Homa Bay, ya pazia na ya bustani ya sukumawiki, Cephas aliugeuza uso wote kwake, na mkono wake ukautafuta wa Gesare. Miezi hii ya mwisho Gesare hakuwa ameitaja Masara hata kidogo. Alikuwa akidhani ameisahau kwa sababu ya furaha.

"Na Masara?" aliuliza.

Lori fulani lilisikika likipanda mlima kutoka mjini, likibadilisha gia.

"Cephas, nimekuuliza. Na Masara ulinifanyia hivyo?"

"Hiyo sikupanga," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Naapa. Ile ya mkono nilipanga, ndiyo. Masara... mimi nilikuwa naogopa tu utaenda. Sikuwa najua nafanya."

Mwanamume mwongo angekana, na mwanamke angepata wa kumchukia, akaenda zake. Cephas hakuwa mwongo, na hilo lilimfungia Gesare mlango wa mwisho. Alimpenda. Alimtazama akiwa amesimama pale na suruali yake yenye vumbi la chaki na punje za mahindi mfukoni, na alitaka kumkumbatia, na papo hapo akajiuliza kama kutaka huko ni kwake mwenyewe au amefundishwa.

"Nakupenda," Cephas alisema. "Hiyo si somo. Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Nikikuambia, utafanya vizuri sana. Hiyo ndiyo shida yako."

"Basi chukua muda. Lakini leo mwambie mama yako vile tulisema. Jumapili mama yangu amekwisha chagua mbuzi, Gesare. Ukirudi Migori leo, wale watakuoza."

Hapo ndipo Gesare alipoona jinsi alivyobanwa. Akienda Migori, kulikuwa na Kerosi, na nyumba ambamo angecheka kwa mkono mdomoni hadi uzeeni. Akienda ufuoni, kulikuwa na Cephas, na nyumba ambamo angecheka wazi, na kila akicheka angemkagua mumewe usoni kuona kama amelipwa. Akicheka na mkono, kicheko kilikuwa cha mama. Akicheka bila mkono, kilikuwa cha huyu. Alijaribu kukumbuka alivyokuwa akicheka kabla ya kisima, mtoto mdogo, na hakukumbuka.

*

Bathsheba alikuwa akingoja langoni, amesimama kando ya lori, kitambaa cheupe kichwani na gauni la buluu lenye vifungo vya kung'aa kama la mtu aliyejiandaa kwa Sabato kabla ya wakati. Hakuwa mama wa makelele. Huko Migori, ambako yeye na mumewe Nyabuto waliuza nguo sokoni, watu walisema Bathsheba akikukasirikia huwezi kujua hadi ufike nyumbani ukaone hukuulizwa habari za siku yako. Gesare aliandika nyumbani mara moja tu kuhusu mtu wa Homa Bay, Mkatoliki, mtu wa ziwa. Barua iliyofuata kutoka nyumbani ilizungumzia mvua.

Cephas alikuwa amebeba sanduku la Gesare. Gesare mwenyewe alikuwa amebeba kuku. Alikuwa amefungua kizimba mwenyewe na kumtoa Madam, kwa sababu alimsikia mpishi akiuliza kama kazi ya kuku imekwisha, na Cephas alimtazama tu Gesare akimtoa, hakumzuia.

Alimwamkia mama yake. Kisha Cephas akaweka sanduku chini, akavua kofia, akainama kidogo.

"Habari ya safari, mama. Mimi naitwa Cephas."

"Mzuri," Bathsheba alisema, akiangalia sanduku. "Wewe ndio mwalimu yake?"

"Ndiyo, mama. Na mimi nataka kuongea na nyinyi wazazi. Kwa heshima. Nampenda huyu msichana yenu, na kama mtanikubalia..."

Bathsheba alikuwa amegeuka kutazama gurudumu la lori. Alimwuliza Masese kwa Kikisii kama upepo unatosha. Masese, mtu mzito wa kujibu, alilipiga gurudumu teke na kusema unatosha. Maneno ya Cephas yalibaki hewani, hayana wa kuyapokea, na Gesare aliona masikio ya mwanamume huyo yakibadilika rangi. Akaona pia kitu ambacho hakuwahi kukiona kabla. Aliona kwamba mama yake na Cephas walikuwa mabingwa wa kazi moja.

Wote wawili sasa walimgeukia. Huu ndio ulikuwa wakati wa yale maneno ya kioo. Cephas alijizuia kutikisa kichwa, na Gesare akaona jinsi alivyojizuia, shingo imekazwa, na moyo ukamwuma kwa kumhurumia. Mama yake alikuwa akiangalia mdomo wake.

Gesare akapanda lori.

"Gesare," Cephas alisema. Alisogea akashika mlango. "Umeamua?"

"Hapana," alisema. "Naenda kwa sababu lori lipo. Usingoje Jumapili."

"Na Jumapili nyingine?"

Gesare alimtazama muda mrefu. Alitaka kumpa kitu, hata tabasamu, na akaona tabasamu lenyewe ni punje ya mahindi. Hakumpa. Lori likawaka, na Cephas akabaki langoni na kofia mkononi, akizidi kuwa mdogo kwenye kioo cha pembeni, na Gesare akalia bila sauti hadi mji ukaisha na ziwa likaonekana mara ya mwisho kati ya vilima.

*

Walifika Rodi lori likatoa moshi. Masese alisema rejeta imekauka, akachukua debe akaenda kutafuta maji kwa watu, na wanawake wawili wakabaki ndani, kwenye viti vya mbele, na kuku. Jua lilikuwa bado juu kidogo. Bathsheba alilitazama kwa wasiwasi, kwa kuwa Sabato haimngoji dereva.

Walikuwa wakizungumza Kikisii sasa, au tuseme hawakuwa wakizungumza. Gesare alimshika Madam kwa mikono yote miwili. Kuku alitulia, akamwangalia Bathsheba upande huu, akamwangalia upande ule, kisha akanyoosha shingo na kukidonoa kifungo cha juu cha gauni. Akangoja. Akadonoa tena. Akamtazama Bathsheba usoni, kama mtu aliyekuja dukani na anajua bidhaa ipo.

"Huyu kuku anataka nini kwangu?" Bathsheba alisema.

"Anataka mahindi, mama. Amefundishwa."

"Kwenye kifua changu?"

Madam akadonoa cha pili. Bathsheba akaruka. Na kicheko kikamtoka Gesare, kicheko kikubwa, cha machozi bado usoni, na mikono yake imejaa kuku, haina njia ya kupanda. Alijua kwamba jino limeonekana. Alimtazama mama yake, akingojea kidole kiende mdomoni.

Mkono wa Bathsheba ulipanda. Lakini haukuwa wa kuonya. Bathsheba alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, na kiganja chake kizima kilikuwa kimefunika mdomo wake mwenyewe, vidole vimebanana, vilevile hasa vya Gesare. Meno ya Bathsheba yalikuwa mazima yote. Gesare aliyajua tangu utoto, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza mama yake alikuwa akificha nini.

Kicheko kilipowaishia, Gesare aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama. Wewe nani alikufundisha?"

"Kufundisha nini?"

"Huo mkono."

Bathsheba aliutazama mkono wake kana kwamba amepewa aushike. Alinyamaza, na Gesare alidhani ni kule kunyamaza kwa siku zote. Kumbe alikuwa akitafuta.

"Mama mkwe wangu," alisema mwisho. "Nilikuja kwao nikiwa na sauti. Hakunigombeza. Nilikuwa nikicheka jikoni, anatoka nje. Nikinyamaza, anarudi, ananiletea maziwa. Alikuwa mama mzuri. Nilimpenda sana." Akayafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa. "Sikuwahi kumwambia mtu hayo. Hata baba yako."

Alikuwa amemkasirikia mwanamke huyu njia nzima, na sasa aliona kwamba walikuwa wamekaa chumba kimoja miaka yote, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye ufunguo.

"Yule mtu wa chuo," Bathsheba alisema. "Amekufanya nini? Umetoka langoni unalia."

Gesare akamwambia. Hakumficha kitu, tangu hadithi za ufuoni hadi makofi ya walimu wakuu. Bathsheba alisikiliza huku akiangalia barabara. Hakumtukana Cephas, na Gesare alishangaa. Alipomaliza, mama yake akamwuliza kitu ambacho katika nyumba ya Nyabuto Gesare hakuwahi kuulizwa, wala Cephas hakuwahi kumwuliza.

"Wewe unataka nini?"

Gesare alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda yenyewe kwenye uso wa mama, kwenye pembe za midomo, kwenye nyusi, yakitafuta jibu lipi litampendeza. Aliyaona yakienda, akaona aibu, na hakuweza kuyarudisha. Bathsheba naye aliyaona.

Basi Bathsheba akageuka. Alijipindua mzima kwenye kiti akampa binti yake mgongo, akatazama nje ya dirisha lake, kule ambako hapakuwa na kitu ila shamba la watu la mtama.

"Sema," alisema. "Sikuangalii."

Maisha yake yote Gesare alikuwa ameuogopa ule mgongo. Sasa aliutazama, na kitambaa cheupe, na shingo iliyoanza kuwa na mikunjo, na haukumwambia chochote. Haukuwa umekubali wala kukataa. Masese alikuwa mbali bado, anakuja polepole na debe.

"Simtaki Kerosi," Gesare alisema.

Mgongo haukusogea.

"Nampenda Cephas. Siwezi kumwendea sasa. Sijui kama nitaweza." Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nataka kurudi Masara kufundisha. Nikiwa huko, nitajua nikicheka nacheka vipi."

Alingoja. Hakuna kilichokuja, si neno, si pumzi, si kichwa kutikisika. Cephas alifundisha kwamba neno lisilolipwa hufa. Gesare alimshika Madam vizuri, akashusha pumzi, na akalisema tena.